Udaga tunakula kila siku, iweje mhogo uleule uangushe watoto?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nakaa Igombe huku ziwani. Wiki mbili zilizopita watoto watatu wa jirani wakitoka shule walichimba mhogo shambani kwangu wakautafuna mbichi, haikupita muda wakaanza kutapika na kizunguzungu, yule mdogo wa miaka 5 akashikwa na degedege kabisa. Tukawanywesha maziwa tukawakimbiza zahanati, namshukuru Mungu wote wazima. Shida ni kwamba mhogo huo ndo tunaouvundika na kuuanika kupata udaga miaka yote na hatujawahi kuumwa hata tumbo, sasa jirani anasema nimetega dawa shambani, salamu hakuna. Ivi kitu kinaweza kuwa chakula na sumu hapohapo?

JIBU: Marahaba mama, poleni sana. Kinaweza, tena vingi tu. Huko Ulaya kulikuwa na daktari anaitwa Paracelsus, mwaka 1538 aliandika kwamba hakuna kitu kisicho na sumu, kinachoamua ni kipimo. Panadol za miligramu 500 mtu mzima mwisho nane kwa saa 24, akibugia paketi nzima ini linaharibika, na ni dawa ileile.

Sasa mhogo wako. Ule mchungu una kemikali inaitwa linamarini, ikikaa peke yake imetulia, ila ukiutafuna au kuukwangua inakutana na kimeng'enya, yani kitu kinachoivunja, kilichokuwa kimetengwa nayo humohumo ndani ya mhogo, hapo ndo inatoka sumu inaitwa sayanaidi, ndiyo hiyohiyo wanayochenjulia dhahabu kule Geita. Ikiingia mwilini inazuia seli kutumia oksijeni, yani mtoto anahema vizuri tu lakini hewa haimfai kitu, ndo maana kizunguzungu, ndo maana degedege.

Na udaga je? Angalia unavyofanya mwenyewe: unamenya, unavundika siku kadhaa mpaka ulainike, unapara ule ukungu, unamomonyoa, unaanika juu ya mawe. Muda wote huo mhogo unavunjikavunjika, sayanaidi inatoka na kupotea hewani, maana ikifika joto la nyuzi 26 hivi inachemka na kuwa gesi. Bibi zetu hawakuwa na maabara ila walijua. Kuchemsha tu mhogo mchungu mzimamzima haitoshi, moto unaua kile kimeng'enya na linamarini inabaki imejifungia, inakuja kufunguliwa tumboni na bakteria. Na msifupishe siku za kuvundika eti njaa imebana, Tarime miaka ya 1980 wakati wa ukame watu walikula mhogo mchungu usioandaliwa vizuri, wengine wakapooza miguu moja kwa moja, ugonjwa unaitwa konzo.

Kwa nini mdogo ndo alizidiwa? Kipande kinachomuumiza kichwa mtu wa kilo 60 kwa mtoto wa kilo 16 ni karibu mara nne. Halafu mwili una njia yake ya kuivunja sayanaidi, inahitaji salfa inayotoka kwenye protini, kwahiyo anayekula dagaa kila siku ana akiba kuliko anayeshindia uji mtupu, na kama tangu asubuhi hajala kitu ndo kabisa.

Maziwa hapana mama. Najua ukanda huu wote tumeaminishwa hivyo, lakini hayafuti sumu, na mtoto mwenye degedege ukimnywesha chochote anapaliwa, kinaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, beba na kipande cha mhogo wakakione, kimbia. Mlichofanya cha maana ni kuwahi zahanati.

Kwa jirani usiende peke yako, mchukue bwana shamba aeleze yeye, ukiongea wewe atasema unajitetea. Na ile mistari iliyo pembeni ya njia ya shule ng'oa halafu panda mhogo mtamu, mchungu usogeze kule nyuma, watoto kuchimba hawataacha.