Neno "simu" peke yake ni pana mno

Ndugu yangu, umesema umerudia "simu" karibu kila sentensi na bado makala haionekani Google. Shida ni upana wa neno lenyewe. Anayetafuta "simu" huenda anataka kununua, kuuza au kuona picha tu, na hapo unashindana na tovuti kubwa mno. Lenga kitu kama "simu inapata moto wakati wa kuchaji". Wanaokitafuta ni wachache, lakini wanataka hichohicho ulichoandika.

Jaribu sasa hivi: anza kuandika swali kwenye Google, usibonyeze kutafuta, soma mapendekezo yanayojitokeza chini yake. Hayo ndiyo maneno ya watu wenyewe. Halafu bonyeza kutafuta, utazame matokeo ya ukurasa wa kwanza. Ukikuta wote wanauza bidhaa, makala ya maelezo itapata tabu hapo. Tafuta maneno mengine.

Maneno utakayochagua yaweke kwenye kichwa cha makala na aya ya kwanza, inatosha. Na ile orodha ya maneno unayoificha kwenye msimbo wa ukurasa, achana nayo kabisa: Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo.