Maswali na Majibu: Fizikia ya Kwanta Tunayoitumia Kila Siku

Swali: Je, mtu asiye mwanasayansi huitumia fizikia ya kwanta mahali popote?

Jibu: Huitumia fizikia hiyo, yaani elimu ya tabia za vitu vidogo mno kama atomi na elektroni, kila awashapo simu. Ndani yake mna mabilioni ya transista, yaani swichi ndogo mno za silikoni, na transista ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani, ilitokana na kuelewa kwamba elektroni zilizomo ndani ya kitu kigumu haziwi na nishati ya kiasi chochote, bali hukaa katika ngazi maalumu zenye mapengo katikati. Hata kumbukumbu inayotunza picha zako hupokea data kwa kupenyeza elektroni katika utando ambao, kwa fizikia ya zamani, zisingeweza kuuvuka.

Swali: Paneli ya sola na taa ya LED zina undugu gani?

Jibu: Ni tendo moja lililogeuzwa. Katika paneli, fotoni, yaani chembe ya mwanga, huirusha elektroni juu ya pengo la nishati. Katika LED, elektroni hushuka na kutoa fotoni. Upana wa pengo ndio huamua rangi, na LED angavu ya buluu ilisumbua watafiti kwa miongo kadhaa, hata Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuifanikisha.

Swali: Ni kweli kwamba simu hujua nilipo kwa msaada wa saa za atomi?

Jibu: Ni kweli, ingawa saa hizo, ambazo hupima muda kwa mitetemo ya atomi, zimo katika setilaiti, si katika simu. Simu hulinganisha muda wa kufika kwa mawimbi kutoka setilaiti nne au zaidi, na kwa kuwa mawimbi hayo husafiri takriban mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde, kosa dogo kiasi hicho katika saa lingekupeleka mtaa mwingine. Usahihi unaohitajika hupatikana kwa sababu atomi za aina moja hazitofautiani wala hazichakai. Tangu mwaka 1967 sekunde yenyewe hupimwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi ya sesiamu. Kwa maoni yangu, hili ndilo tunda la kwanta linalostahili sifa kuliko yote, nalo husifiwa kidogo.

Swali: Bangili za “nishati ya kwanta” hutibu?

Jibu: Hapana. Kwanta iliyo na kazi hospitalini ni kama ile ya mashine ya MRI, ambayo kwa sumaku kali na mawimbi ya redio husoma tabia ya protoni za haidrojeni mwilini, nayo hutoa picha tu.

Swali: Kompyuta za kwanta zitafichua siri za benki?

Jibu: Kwa leo kompyuta hizo, ambazo hukokotoa kwa kutumia tabia za kwanta za chembe, haziwezi, kwani bado hufanya makosa mengi mno. Hata hivyo, mwanahisabati Mmarekani Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba mashine kubwa ya aina hiyo ingeweza kuvunja mafumbo ya kihesabu yanayolinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, na kwa kuwa data iliyoibwa sasa yaweza kuhifadhiwa ikafunguliwa baadaye, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa Agosti 2024 viwango vyake vya kwanza vya usimbaji, yaani njia ya kuficha ujumbe, uliobuniwa kuzihimili kompyuta hizo.