Kujitazama kwa mbali mawazo yanapokuzidi usiku

Pole sana, Mama Neema. Nimekuelewa: una sonona, dawa unameza, lakini kila usiku maneno ya bosi yanajirudia mpaka kifua kinabana, na unauliza kama kujitazama kwa mbali, yaani kulitazama tukio lako kama mtu wa pembeni, kunasaidia.

Kunasaidia, ingawa hakuponyi. Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti juu ya watu wenye sonona: waliochambua machungu yao kama watazamaji walisikia uchungu kidogo kuliko waliojirudisha ndani ya tukio.

Jione umesimama mlangoni mwa ofisi ile. Yule pale bosi, na wewe uko kitini, mkoba mapajani. Halafu uliza: “Kwa nini Mama Neema aliumia vile?” Tumia jina lako, usiseme “mimi”. Unatafuta kuelewa, hukimbii maumivu. Ukianza kujihukumu (“Mama Neema hafai”), acha hapo hapo, inuka, washa taa.

Dawa usikatize bila daktari. Yakija mawazo ya kujidhuru, achana na zoezi hili: mwamshe mtu wa nyumbani usiku huohuo, akupeleke hospitali.