Cherehani Imegoma: Nitengeneze au Ninunue Nyingine?

Kila sikukuu ikikaribia, meza yangu hapa Mwanga, Kigoma, hujaa vichwa vya cherehani, na simu nayo hujaa maswali. Mengi yanaishia palepale: nitengeneze au ninunue nyingine? Mimi silijibu hilo kabla sijajua kimekufa nini. Cherehani ni mwili wa chuma uliobeba vipande vidogo vidogo, na mara nyingi kinachokufa ni kipande, si cherehani. Kwa mtu anayesomesha watoto kwa mashine hiyo, jibu la harakaharaka linaweza kumla mtaji wote. Nimechukua maswali sita ya mwezi huu.

Shikamoo fundi. Nina Butterfly nyeusi ya miguu, niliinunua mwaka 2012. Tangu mwezi uliopita inaruka nyuzi, hasa nikishona kitenge kipya. Fundi mmoja kaniambia taimingi imeondoka, anataka elfu 60. Mwingine kasema nisipoteze hela, ninunue mpya kwa laki 3. Nimfuate nani? Mama mshonaji, Gungu.

Marahaba mama. Kwa leo usimfuate yeyote. Nenda dukani kanunue sindano mpya.

Ngoja nikueleze kinachotokea pale chini, maana ukishakijua hakuna wa kukuyumbisha. Sindano inashuka na uzi hadi mwisho. Inapoanza kupanda, ikishapanda kama milimita 2 tu, uzi ulio nyuma yake unalegea na kufanya kitanzi kidogo. Hapo ndipo ile ndoano ya chini, yenye ncha kali kama mdomo wa ndege, inapopita na kukidaka. Kikidakwa, mshono umepatikana. Kisipodakwa, umerukwa. Kukutana huko kwa sindano na ndoano kwa wakati wake ndiko mafundi tunakoita taimingi. Sasa sindano ikipinda kidogo tu, hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, kitanzi kinakaa mbali na ncha. Ilaze sindano yako juu ya kioo kilichonyooka, uichungulie kwa ubavu. Ukiona mwanga unapita kwa wingi upande mmoja kuliko mwingine, imepinda.

Kwa kitenge chukua namba 90, ile inayoandikwa pia 14. Hiyo 90 maana yake unene wa milimita 0.9. Isukume hadi juu kabisa ndipo ukaze skrubu, na mfereji mrefu wa sindano uangalie upande unaotungia uzi. Sindano haidumu kama watu wanavyodhani: kwa anayeshona kutwa, baada ya saa 8 hivi za kushona imeshaanza kuwa butu. Nakutana na washonaji wazuri kabisa wanaotumia moja mpaka ivunjike.

Kisha fungua lile bamba la chini ya mguu. Wiki iliyopita nilifungua la dada mmoja wa hapa sokoni, nikakuta kati ya meno yanayosukuma kitambaa vumbi la nguo limeshindiliwa likawa gumu kama kipande cha kofia, na ndani yake kimelala kipande cha ncha ya sindano iliyovunjika zamani. Nilikitoa kwa kibano, nikapiga brashi, nikatia mafuta matone machache. Hakuna spea hata moja iliyoingia, na ile cherehani imerudi kazini.

Nasisitiza hili kwa sababu niliwahi kukosea. Miaka yangu ya mwanzo nililetewa cherehani inayoruka, nikaenda moja kwa moja kwenye taimingi, nikalegeza hiki nikashusha kile, siku 2 zikapita. Mwisho nikabadilisha sindano, ikawa ndiyo dawa. Lakini nilikuwa nimeshavuruga kilichokuwa sawa, ikanibidi nikirudishe, na yule mama akakosa kumaliza nguo za Idi za wateja wake. Bado inaniuma.

Ukishabadilisha sindano na kusafisha, na bado inaruka, basi yule wa taimingi anaweza kuwa na hoja. Kwa Butterfly kama yako mara nyingi ni kushusha au kupandisha kidogo kile kijiti kinachobeba sindano na kukikaza upya. Muulize waziwazi: elfu 60 ni ya spea gani? Kama ncha ya ndoano imelika, akuonyeshe, na ndoano mpya inapatikana. Butterfly za namna hii zimefuata mtindo wa Singer 15, kwa hiyo bobini (kile kidude kinachobeba uzi wa chini), kesi yake, ndoano, meno na springi havina shida kupatikana.

Kununua mpya nitakushauri siku utakayoshika gurudumu ukalitikisa juu chini na kusikia mhimili wa ndani unacheza, na kijiti cha sindano nacho kinayumba. Hapo chuma chenyewe kimelika, na kila utakachorekebisha leo kitaondoka kesho.

Fundi, duka letu limeishiwa mafuta ya cherehani. Nyumbani mawese yapo tele. Nikiweka kidogo kuna ubaya? Kijana, Simbo.

Usiweke, mwanangu. Wala ya alizeti, wala ya nazi. Siku ya kwanza cherehani itateleza vizuri na utaona umepata. Baada ya wiki kadhaa mafuta ya kula yanaganda na kuwa ulimbo, yanashika vumbi, na gurudumu linaanza kuwa zito. Nimefungua nyingi za namna hiyo hapa kwetu, kwa kuwa mawese ndiyo mafuta yetu ya kila kitu: unakuta mhimili umevikwa gundi ya rangi ya kahawia, na mwenyewe alishaambiwa mashine imekufa. Oili chafu ya pikipiki nayo ni hivyohivyo, ina uchafu unaosaga chuma.

Kama ulishaweka, dondosha mafuta ya taa kwenye kila tundu, zungusha kwa mkono taratibu, futa, rudia mpaka kitambaa kitoke safi. Baada ya hapo tia mafuta yenyewe ya cherehani, yale meupe mepesi. Yasipokuwepo, subiri siku 2 gari lilete.

Fundi habari. Bibi yetu alituachia Singer ya zamani, imekaa stoo Ujiji miaka mingi, gurudumu halizunguki kabisa. Mnunuzi wa chuma chakavu anaitaka. Tumpe? Wajukuu.

Nawaomba sana, msimpe kabla hamjaipa wiki moja.

Watu wa Kigoma tunaijua Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo grisi nene. Waingereza wakaja kuiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kubeba watu. Ilikaa miaka chini ya maji, na kilichoiokoa ni grisi. Basi kama bibi alikuwa mtu wa kuitia mafuta cherehani yake kabla ya kuifunika, na wengi wa rika lake walikuwa hivyo, ile iliyoganda mle stoo ni mafuta ya zamani tu, si chuma kilichoshikana.

Changanyeni mafuta ya taa na ya cherehani nusu kwa nusu. Dondosheni kwenye kila tundu la juu, kisha kilazeni kichwa ubavu mdondoshe kila mahali chini panapokutana vyuma viwili. Acheni hadi kesho. Jaribuni gurudumu kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo. Likikataa, msilazimishe wala msipige nyundo. Tieni tena, mngoje tena. Nimewahi kuingoja moja siku 5, ya 6 ikaachia.

Wakati mnangoja, angalieni vitu viwili. Cha kwanza ni namba iliyochongwa kwenye kitako. Ikianza na herufi mbili na ya kwanza ni E, kwa kawaida hiyo ilitoka kiwanda cha Clydebank, Uskoti. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980, lakini hilo lisiwatishe. Cha pili ndicho chenye uzito: bobini. Ikiwa ya duara na inalingana na ya Butterfly, spea mtapata bila shida, na cherehani hiyo itawazika mafundi wengi. Ikiwa nyembamba na ndefu kama kijiti, hiyo ni ya mtindo wa zamani zaidi, spea zake ni za kutafuta kwa tochi. Itashona, ila itunzeni kwa kazi za nyumbani, msitegemee mtu aendeshe nayo biashara.

Nilinunua cherehani ndogo ya umeme ya mtumba kutoka Japani. Nimeichomeka, imezunguka kwa kasi kubwa, ikatoa moshi, kimya. Inatengenezeka? Kaka wa Kibirizi.

Pole sana kaka. Angalia nyuma au chini yake, utakuta imeandikwa 100V. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu ni 230. Uliipa zaidi ya mara mbili ya ilichoumbiwa.

Ukiifungua ukakuta mota ya kawaida iliyofungwa kwa nje, inayozungusha kwa mkanda, una bahati: toa mota na pedeli yake, funga za volti 220, mwili hauna kosa. Ila kama ina vitufe vya kuchagulia mishono na taa za namba, ndani yake kuna ubao wa elektroniki. Ukiungua, kuupata huku kwetu ni shida kubwa, na mashine nyingi za namna hiyo gia zake za ndani ni za plastiki. Hapo mimi nasema inatosha, usiongeze hela juu ya hela. Na mtu yeyote anayenunua mtumba wa umeme asome kwanza kibati cha volti. Ikiwa ni 100 au 110, anunue na transfoma ya kupunguza umeme, na bei yake aihesabu kama sehemu ya bei ya cherehani.

Kichwa cha cherehani yangu kilianguka kutoka kwenye bodaboda nikienda Kasulu. Kinazunguka, ila kizito, na naona kama kuna mstari shingoni. Nikachomelee? Mama Watatu.

Kwanza tuhakikishe kama ni ufa au ni mkwaruzo wa rangi. Paka mafuta ya taa pale penye mstari, ngoja robo saa, futa pakauke kabisa, halafu sugua chaki nyeupe ya shule. Kama ni ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka na kuchora mstari wa unyevu juu ya chaki. Kama ni mkwaruzo, chaki itabaki nyeupe, na uzito huo utakuwa umetokana na kitu kilichopinda, pengine gurudumu au kijiti cha sindano. Hicho kinanyooshwa au kinabadilishwa.

Ukiwa ni ufa, usichomelee. Mwili ule ni chuma cha kumimina, hakipendi moto. Kinaweza kupasuka tena pembeni ya alama ya kuchomelea. Na hata kikishika, moto unaupinda mwili, wakati ndani ya ile shingo unapita mhimili unaotakiwa kunyooka kama mstari wa rula. Cherehani itakuwa nzito maisha yake yote.

Lakini mama, usinunue cherehani nzima. Meza, stendi, gurudumu kubwa na kanyagio havijaanguka. Uliza kichwa peke yake, kinauzwa, na bei inapungua sana. Kile cha zamani kifungue uweke akiba ndoano, meno, springi na kikaza uzi. Utavihitaji.

Mimi swali langu ni tofauti. Cherehani yangu ya miguu ni nzima kabisa. Nimepata tenda ya sare za shule na mabegi, Kasulu mjini. Niendelee nayo au ninunue ya kiwandani? Fundi nguo.

Kwa mabegi, nunua. Cherehani ya miguu ukiilazimisha kupita tabaka nne za turubai kila siku, utaichosha kabla ya wakati wake, na wewe na goti lako pia. Ya kiwandani inaweza kufika mishono 5,000 kwa dakika na inajipaka mafuta yenyewe kutoka kwenye sinia la chini. Zingatia mambo mawili dukani. Sindano zake ni za shina la duara, haziingiliani na ulizonazo. Na uliza mota: ya zamani inazunguka muda wote ikishawashwa, hata ukiwa unapima kola, na inakula uniti za LUKU bure. Ile ya servo inazunguka pale tu unapokanyaga. Inazidi bei kidogo, lakini chukua hiyo.

Ya miguu usiiuze hata ukibanwa na bei. Umeme ukikatika katikati ya tenda, sare zitaendelea. Weka sindano namba 90, bobini 10 zilizojazwa uzi wa rangi ya sare, na uiache imefunguliwa karibu na mlango penye mwanga.