Maswali na Majibu: Utando mweusi unapoota manjano

SWALI: Nimeunda hapa chuoni seli za jua za perovskaiti, fuwele nyeusi ya risasi na iodini inayonasa mwanga, yenye formamidiniamu kama sehemu yake ya kikaboni. Siku ya kwanza ufanisi ulikuwa mzuri. Siku ya nne utando umeota madoa ya manjano. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi wa fizikia, Dar es Salaam)

JIBU: Manjano ni mawili, na kila moja lina dawa yake. Chukua kioo chenye utando mtupu, si seli nzima, maana safu za juu haziwezi kuhimili joto, ukipashe nyuzi 150 kwa dakika kumi ndani ya kisanduku cha nitrojeni. Doa likirudi jeusi, fuwele zilikuwa zimebadili umbo tu. Formamidiniamu peke yake haitulii katika umbo jeusi kwenye joto la kawaida, na unyevu wa pwani huichochea. Likibaki njano, hiyo ni iodidi ya risasi: sehemu ya kikaboni imeshatoroka, wala hairudi.

Kama ni la kwanza, weka sesiamu badala ya sehemu moja ya kumi ya formamidiniamu. Kwa mililita 1 ya kiyeyushi (DMF 0.8, DMSO 0.2) pima iodidi ya risasi miligramu 692, iodidi ya formamidiniamu 232 na iodidi ya sesiamu 39. Dondoshea myeyusho huo juu ya kioo, ukizungushe mara 5,000 kwa dakika kwa sekunde 30. Zikibaki kama sekunde 10, mimina klorobenzini, kimiminika kinachoharakisha fuwele kujiunda, kwa mkupuo mmoja. Ukichelewa utando hutoka na ukungu badala ya kung'aa kama kioo cha kujitazamia, na ukungu huo hautoki kwa kupasha. Kisha nyuzi 150, dakika kumi.

Glavu ni lazima, na mabaki ya risasi yasiende kwenye sinki.

SWALI: Nimefunika seli kwa kioo na gundi, bado zinafifia. Kwa nini?

JIBU: Huenda adui, yaani unyevu, umemfungia ndani. Spiro-OMeTAD, safu ya kikaboni inayopitisha chaji chanya kutoka kwenye perovskaiti, huongezewa chumvi ya lithi, inayofyonza maji. Ikishalowa kabla ya kufunikwa, kioo hakisaidii. Oksidi ya titani nayo, safu inayopokea elektroni, ikipigwa na miale ya urujuanimno, huishambulia perovskaiti, ndiyo maana wengi wamehamia oksidi ya bati. Pembeni ziba kwa mpira wa butili. Gundi nyingine hutoa mvuke unaoharibu utando zikikauka.

Usiamini kipimo kimoja cha haraka cha volti na mkondo: ishikilie seli kwenye nguvu yake ya juu kwa dakika tano, uandike namba inayobaki.