Usanifu Majengo au Mipango Miji? Yafikirie Haya Kabla ya Kujaza Fomu

Vijana wanaoniuliza kuhusu fani hizi huanza karibu wote na maneno yaleyale: "Mimi najua sana kuchora." Vizuri, lakini kuchora hufundishika, na chuo kitakulazimisha ujue upende usipende. Jiulize jambo jingine. Ukikuta kiwanja kitupu, akili yako inakimbilia wapi? Kama tayari unaona ukuta utakaosimama pale na ngazi zitakavyopanda, usanifu majengo utakufaa. Kama unajiuliza watu watafikaje, maji ya mvua yataelekea wapi na jirani wa bondeni atapata hasara gani, basi hata ukiwa na mkono mzito wa penseli, huenda wewe ni mpangamiji na hujajijua.

Nilisoma shahada ya kwanza ya usanifu majengo, nikaongeza ya pili ya mipango miji, na nimepata riziki pande zote mbili. Wengi hudhani tofauti ni ukubwa wa eneo tu. Ukubwa una nafasi yake, sikatai. Msanifu huishi kwenye skeli ya 1:100 (sentimita moja ya mchoro ni sentimita mia za jengo halisi) na 1:50, akishuka hadi 1:5 anapoonyesha fremu ya dirisha inavyokutana na ukuta. Mpangamiji anaweza kufanya kazi kwenye 1:5,000. Sasa piga hesabu: kwenye skeli hiyo, mstari wenye unene wa nusu milimita hufunika mita 2.5 za ardhi. Njia nzima ya miguu imemezwa na wino. Ukikataa kutembea katika eneo unalolipanga, utaifuta njia ya watu na hutajua kamwe.

Lakini kinachozitenganisha kazi hizi hasa ni nani unayemjibu. Msanifu ana mteja. Mteja ana bajeti, ana haraka, na ana picha aliyoiona mahali. Mnabishana, mnaelewana, jengo linasimama. Mpangamiji ana mwenye ardhi, mpangaji, mchuuzi wa kando ya barabara, mwanasiasa, na mtu ambaye bado hajahamia lakini atahitaji maji. Hawakubaliani, na kila mmoja ana hoja. Sehemu kubwa ya kazi ni kuketi nao mikutanoni, kuandika ripoti, kusoma sheria na kusubiri. Msanifu mzuri anaweza kuona jengo lake ndani ya miaka michache. Mpango wa mji unaweza kuchukua miongo, na aliyeuandaa akawa ameshastaafu. Kama huvumilii kusubiri, usijidanganye.

Hata hivyo, usichague ukidhani unaagana na fani ya pili. Chukua mtaa wa Pruitt-Igoe kule St. Louis, Marekani: majengo 33 ya ghorofa 11, yaliyosanifiwa na Minoru Yamasaki na kukamilika katikati ya miaka ya 1950. Kufikia 1972 yalianza kubomolewa. Kwa miaka mingi lawama zilimwangukia msanifu. Ukichimba zaidi unakuta mji uliokuwa ukipoteza wakazi, ubaguzi wa rangi, na matengenezo yaliyotegemea kodi za wapangaji ambao hawakuwa na kitu. Hakuna mchoro wa ngazi ungeponya hayo. Halafu tazama Quinta Monroy, mjini Iquique, Chile. Msanifu Alejandro Aravena na wenzake wa ofisi ya Elemental walipewa fedha kidogo za kujengea familia karibu mia. Badala ya kuwahamishia pembezoni ambako ardhi ni rahisi, waliwabakiza katikati ya mji, karibu na kazi na shule, wakajenga nusu ya nyumba: sehemu ngumu kama jiko, bafu na ngazi. Nusu ya pili wakawaachia wenyewe waijenge kadiri ya uwezo wao. Uamuzi wa kubaki pale ulikuwa wa mipango, nusu nyumba ilikuwa ya usanifu, na moja bila nyingine isingesimama.

Tuje chuoni. Studio itakula muda wako kuliko masomo mengine yote yakijumlishwa. Unapewa kazi, unachora, unatundika ukutani, jopo la walimu linaichambua mbele ya wenzako. Wanaofika mbali, kwa nilivyoona, ni wale wanaoweza kulibomoa wazo lao wenyewe Jumatatu na kuleta jingine Alhamisi bila kinyongo. Peleka kwa mwalimu mapendekezo matatu ya ovyo mapema, usingoje kupeleka moja lililopambwa. Ukishapamba unaanza kulitetea, na ukianza kulitetea huambiliki. Siku ya jopo, mwombe rafiki akuandikie yanayosemwa, maana ukiwa umesimama pale husikii nusu yake. Na chapisha michoro siku mbili kabla. Mashine ya kuchapia ina tabia ya kuharibika usiku wa mwisho, wakati foleni inafika mlangoni.

Unapochora jengo, anza na mkato, yaani mchoro unaolionyesha kana kwamba limekatwa wima kwa kisu, si sura ya mbele. Mkato ndio unaoonyesha kama mtu atagonga kichwa kwenye ngazi, kama mwanga unafika ndani, kama bomba lina pa kupita. Na tembea na tepu ya kupimia. Ukipanda ngazi zinazochosha, zipime: mara mbili ya kimo cha kidato kimoja, ukijumlisha na kina cha pa kukanyagia, huwa kati ya sentimita 60 na 64 kwenye ngazi nzuri. Kanuni hii ilielezwa na Mfaransa François Blondel katika karne ya 17, na magoti bado yanaikubali.

Kuhusu hesabu, usiogope kupita kiasi. Usanifu hudai jiometria na fizikia ya kutosha kuelewana na mhandisi wa miundo. Mipango miji hudai takwimu, uchumi na sheria, na hapo ndipo wanaokimbia hesabu hushangaa. Programu za kompyuta utajifunza. QGIS kwa ramani na Blender kwa picha za pande tatu hazina malipo.

Muda uuzingatie kabla ya kujifunga. Mkataba wa UNESCO na Shirikisho la Kimataifa la Wasanifu Majengo unataka masomo ya usanifu yasipungue miaka mitano, na nchi nyingi huongeza mafunzo kazini na mtihani kabla hujaruhusiwa kujiita msanifu kisheria. Masomo ya mipango miji huwa mafupi zaidi. Mishahara ya mwanzo katika usanifu, nasema wazi, hailingani na urefu wa njia hiyo.

Kazi zenyewe ni nyingi kuliko watu wanavyodhani: usimamizi wa ujenzi, usanifu wa bustani na maeneo ya wazi, hifadhi ya majengo ya kale, uchambuzi wa ramani, mipango ya usafiri, sera za makazi. Jaime Lerner alisomea usanifu majengo, akawa meya wa Curitiba, Brazili, mwaka 1971, na wakati wake mji ukaanzisha njia maalumu za mabasi ambazo miji mingi imeiga baadaye. Kazi ya kwanza, kama una uchaguzi, tafuta ofisi ndogo inayokupeleka eneo la ujenzi. Ofisi kubwa hupendeza kwenye wasifu, lakini unaweza kuchora vyoo na milango mwaka mzima.

Kabla ya kutuma maombi, ulizia idara mambo matatu: je, shahada yao inatambuliwa na bodi ya usajili ya taaluma hiyo; je, mwanafunzi ana meza yake studioni; na je, kuna muda rasmi wa kufanya kazi ofisini au uwandani kabla ya kuhitimu. Kisha mtafute mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, umwombe akuonyeshe michoro iliyokataliwa.