Daku na Sala ya Alfajiri katika ndege ya Nairobi–New York

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Ramadhani hii, mwezi wa Februari, nasafiri kutoka Nairobi kwenda New York kwa ndege ya moja kwa moja inayoondoka saa 5:30 usiku. Katika kujizuia kula na kusali Alfajiri, nifuate saa ya Nairobi au ya New York?

JAWABU: Waalaykum salaam warahmatullah. Usifuate hata moja, ndugu yangu. Fuata alfajiri ya pale ndege ilipo. Allah ameruhusu kula na kunywa mpaka ubainike uzi mweupe wa alfajiri (Qur'ani 2:187), na anga lako ni lile unaloliona dirishani.

Safari hiyo ni kama kilomita 11,800, takriban saa 15 angani. Ndege inakwenda magharibi, jua linaifuata nyuma, kwa hiyo usiku unarefuka. Saa ya Nairobi ikigonga 11:30 alfajiri, nyinyi mko juu ya Afrika Kaskazini na nje ni giza totoro. Wengi hukosea hapa: wanasali kwa kuangalia simu iliyobaki na saa za nyumbani. Sala hiyo imetangulia wakati wake, haisihi, na ni lazima irudiwe.

Kwa Februari, alfajiri itawakuta juu ya Atlantiki, saa tatu hadi nne kabla ya kutua. Nairobi hapo ni asubuhi ya saa 4 au 5. Jifunike blanketi kichwani ili taa za ndani zisikudanganye, kisha tazama nyuma ya bawa, upande wa mkia. Weupe uliotanda kwa upana juu ya upeo ndio alfajiri ya kweli.

Angalia sana chakula. Mlo wa pili kwa kawaida huletwa mkikaribia kutua, na alfajiri imeshaingia zamani. Mwombe mhudumu akupe daku mapema, na nia uiweke kabla ya weupe huo.

Usiseme utasali uwanjani. Huko juu jua huonekana mapema kuliko ardhini, na mkitua litakuwa linachomoza. Udhu unatosha kwa maji ya chupa ndogo, Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, kiasi kinachozidi nusu lita kidogo. Mkikaribia Marekani kibla kiko nyuma, kwenye mkia. Omba nafasi karibu na mlango usali rakaa mbili kwa kusimama. Taa ya mikanda ikiwaka, subiri, wakati ni mpana. Ukizuiliwa kabisa, sali ukiwa kitini kuheshimu wakati, kisha uirudie ukishuka. Hivyo ndivyo ilivyo kwa madhehebu ya Shafi.

Ukifunga, utafungua kwa magharibi ya New York, kama saa 11:35 jioni yao. Hiyo ni saumu ya zaidi ya saa 14. Umetoka mjini kabla ya alfajiri, kwa hiyo ruhusa ya msafiri unayo: ikikuelemea, kula na uilipe siku nyingine (2:184). Mwenye sukari au mjamzito namsihi aichukue ruhusa hiyo tangu mwanzo.

Wallahu aalam.